Pesa ya Januari

Mkulima wa pamba wa Magu, mkoani Mwanza, hushika fedha mara moja kwa mwaka. Soko hufunguliwa Mei, mizani inatolewa kwenye ghala la chama cha msingi, na kufikia Agosti cha kuuza kimeshauzwa. Ndiyo miezi ya kununua bati, kuongeza ndama na kufunga harusi. Baada ya hapo mfuko hulegea siku hadi siku. Novemba mvua ikinyesha, akiba iliyobaki inaingia ardhini pamoja na mbegu. Januari inakuta pamba inadai palizi, mahindi bado mabichi, na ndani ya nyumba kuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa juani, na kidogo kilichobaki kwenye kihenge. Mwezi huohuo shule zinafunguliwa.

Nimeanzia kwenye kalenda kwa makusudi. Watu wa mjini wakizungumzia mtoto wa Kisukuma aliyeacha shule hukimbilia mila: ng'ombe wa mahari, uchungaji, mzazi asiyejua thamani ya elimu. Hayo yapo. Lakini mzazi yuleyule anayeonekana mzito mwezi wa kwanza, mkute mwezi wa saba uone anavyotoa noti bila kuulizwa mara mbili. Shule zingekuwa zinafunguliwa Julai, nadhani Magu ingekuwa na historia nyingine ya elimu. Na hata Julai yenyewe haiaminiki. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likateremka, wanunuzi wakasita, na wakulima wa Kanda ya Ziwa wakakaa miezi wakidai malipo ya pamba iliyokwisha kuchukuliwa.

Mdhamini wa mwanafunzi, kwa hiyo, ni mtu ambaye fedha yake haitegemei mvua wala mizani. Mshahara wake unaingia kila mwezi, Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo. Anachompa mtoto wa Nyanguge au Kahangara ni fedha inayofika Januari, ikafika tena Januari inayofuata, na inayofuata. Ukubwa wa fedha hiyo ni jambo la pili, nami sura hii nzima naiegemeza hapo.

Msomaji ataniuliza: kwani elimu si bure? Ni bure. Tangu Januari 2016 mwanafunzi wa shule ya serikali halipi ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikaondolewa. Serikali hupeleka shuleni ruzuku iliyopangwa kwa kichwa, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Asije mtu akalidharau jambo hilo. Waliosoma kabla yake wanakumbuka mistari ya wanafunzi waliosimamishwa paredi asubuhi, wakasomwa majina, wakarudishwa nyumbani kufuata ada. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku hata ile michango iliyokuwa imegeuka ada kwa jina lingine.

Ila ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa na 70,000 kwa ya bweni. Ndiyo iliyoondoka. Sasa chukua fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza, ile karatasi anayopewa mtoto aliyefaulu darasa la saba, uisome taratibu. Sare jozi mbili, na rangi ya sketi imetajwa. Sweta. Viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba. Soksi. Madaftari, kaunta buku, mkebe wa hesabu. Rimu ya karatasi. Jembe lenye mpini. Fyekeo. Ndoo yenye mfuniko. Fagio. Kama ni bweni, ongeza godoro, shuka, chandarua, tranka na kufuli lake. Baada ya hapo huja makubaliano ya wazazi kuhusu chakula cha mchana, kwa magunia au kwa fedha. Hakuna kitu kimoja kwenye karatasi ile kinachoweza kumshinda mtu. Vinashinda vikiwa pamoja, katika wiki moja, mwezi ambao nyumba haina kitu.

Ukipita ofisi ya mkuu wa shule wiki ile ya kwanza utayasikia mazungumzo yanayofanana shule hata shule.

"Shikamoo, mwalimu. Viatu sijapata, nimempatia hivi vya kaka yake. Na rimu bado."

"Marahaba, mama. Mlete mtoto aingie darasani, rimu tutaongea."

Mwalimu mwenye roho ya utu husema hivyo, na waraka wa serikali uko upande wake: mtoto asirudishwe kwa kukosa mchango. Lakini mtoto mwenyewe ana macho. Anajua viatu vyake vina rangi gani. Ukimuuliza aliyeacha shule kidato cha pili ni nani aliyemfukuza, mara nyingi hakuna. Aliacha kwenda, basi.

Halafu kuna umbali. Shule za kata zilizojengwa kwa kasi tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa 2004 zilisogeza sekondari karibu kuliko ilivyowahi kuwa. Lakini kata za Usukumani ni pana, nyumba zimetawanyika kwenye mbuga nyeusi ambazo masika hugeuka tope la kunasa hata ng'ombe, na shule iko kwenye kitongoji kimoja tu. Wa mbali hupangishiwa chumba karibu na shule, wanafunzi wawili watatu pamoja. Wenyewe huita gheto. Chumba cha udongo, mkeka, sufuria moja, unga waliobeba kutoka nyumbani Jumapili, na taa ya kuchaji ikiwapo. Hakuna mtu mzima. Kwa mvulana gheto ni njaa. Kwa msichana ni njaa na zaidi, kwa sababu unga ukiisha Alhamisi kuna kijana wa bodaboda anayejua kuwa umeisha. Mimba nyingi za shuleni ambazo magazeti huzieleza kama utovu wa maadili zilianzia kwenye chipsi na lifti. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu msichana aliyejifungua kurudi shule, jambo jema lililochelewa. Anarudi, lakini akiwa na mtoto wa kulisha, na gheto ni lilelile.

Wavulana wa vijiji vya ufukweni, kwenye Ghuba ya Speke, wana kalenda yao nyingine kabisa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika na madawati hujaa. Giza likirudi, madawati yanapungua. Mwalimu mgeni huona ni uvivu. Mwalimu mwenyeji anaangalia mwezi.

Hapo ndipo mdhamini anapoweza kugeuza mambo kwa fedha ambazo wengine wangezitumia kwa chakula cha jioni moja hotelini. Analipa hosteli badala ya gheto. Ananunua viatu. Anagharamia gunia. Na kwa kuwa mtoto anajua kuna mtu atauliza ripoti ya muhula, siku ya giza anaenda shule.

Kisa kinachojulikana zaidi cha aina hii katika Afrika Mashariki si cha Magu, ni cha Kenya. Miaka ya 1970 mwalimu wa chekechea huko Sweden, Hilde Back, alijiandikisha kwenye mpango wa kudhamini watoto, akaanza kutuma kiasi cha dola 15 kwa muhula kwa mvulana wa kijiji cha Mitahato, Kiambu, aliyeitwa Chris Mburu. Hakumjua. Mburu alimaliza sekondari, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akaenda Harvard, kisha akawa mwanasheria wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa. Alipokuwa mtu mzima alianzisha mfuko wa kusomesha watoto wa kwao, akaupa jina la Hilde Back kabla hajapata kuonana naye. Baadaye ndipo alipojua mama huyo alikuwa Myahudi mzaliwa wa Ujerumani aliyekimbilia Sweden akiwa binti mdogo, na kwamba wazazi wake waliangamia mikononi mwa Wanazi. Mtu ambaye watu wake waliuawa kwa chuki ya ukabila alikuwa amemsomesha, bila kujua, mtu ambaye kazi yake ingekuwa kufuatilia uhalifu wa namna hiyohiyo. Filamu ya kisa hicho, A Small Act, ilitoka mwaka 2010.

Ni kisa kitamu mno, na hapo ndipo ninapokitilia shaka kidogo. Anayekisikia huondoka akiamini kila dola 15 huzaa mwanasheria. Haizai. Mitahato ilikuwa na watoto wengine werevu ambao hawakupata Hilde. Filamu yenyewe inalijua hilo, maana sehemu kubwa yake inawafuata watoto wa darasa la nane wanaousaka ufadhili wa mfuko ule, ambao ulidai alama za juu katika mtihani wa taifa. Matokeo yanapotoka, karibu wote wamepungukiwa. Ukitazama nyuso zao unaona kuwa mlango ulioachwa wazi na mtu mmoja ni mwembamba.

Ndiyo maana visa peke yake havitoshi. Mwaka 2013 wachumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha utafiti juu ya watu 10,144 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo, kuhusu waliowahi kudhaminiwa utotoni na Compassion, shirika linalofanya kazi kupitia makanisa na linalojulikana vizuri Tanzania pia. Waliwalinganisha waliodhaminiwa na ndugu zao wa tumbo moja ambao mpango ulipoingia kijijini walikuwa wameshapita umri wa kupokelewa. Nyumba moja, wazazi walewale, umaskini uleule. Waliodhaminiwa walisoma wastani wa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu zaidi, na wakawa na nafasi kubwa zaidi ya kupata kazi ya mshahara. Mwaka mmoja na nusu ni mdogo kwa bango la kuchangisha fedha. Lakini mtoto aliyekuwa aishie kidato cha pili na nusu akifika cha nne, amefanya mtihani, ana cheti, anaweza kuomba chuo cha ualimu, uuguzi au VETA. Kwa Magu hiyo ndiyo tofauti kati ya kubeba cheti na kubeba jembe.

Utafiti mwingine ulifanyika upande wa pili wa Ziwa Victoria, magharibi mwa Kenya. Kuanzia 2003, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 328. Katika baadhi yake wanafunzi walipewa sare bure, yenye thamani ya kama dola sita. Sare tu. Wasichana walioacha shule walipungua, na mimba na ndoa za mapema zikapungua pia. Mimi nauamini utafiti huu kuliko mahubiri yote niliyoyasikia kuhusu maadili ya wasichana.

Narudi Magu, kwenye nyumba ambazo hakuna baba wala mama. Miaka ya 1990 ukimwi ulipita njia kuu ya Mwanza kwenda Musoma ukivuna watu wazima. Kisesa, kata iliyo kwenye njia hiyo, ikawa mahali ambapo tangu 1994 watafiti wa taasisi ya NIMR wamekuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba, duru baada ya duru, wakirekodi nani amezaliwa, nani amekufa, nani ameambukizwa. Waliobaki na watoto walikuwa mabibi. Na hapa Usukumani kikongwe mwenye macho mekundu alikuwa na hatari yake ya pekee: macho yaliyoharibiwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe jikoni yalichukuliwa kuwa ushahidi wa uchawi, na wapo waliouawa kwa hilo. Shirika la MAPERECE la Magu lilianza na kazi ya kuwatetea wazee hao, kabla haijawa rahisi kuwatetea. Kumtetea bibi kulikuwa pia kumtetea mjukuu, maana bibi akiuawa au akikimbia, mtoto aliyekuwa kidato cha pili hana pa kurudi jioni. Mdhamini anayelipia vitabu bila kuuliza mtoto analala wapi na nani anampikia hajamaliza kazi, na mashirika mengi yalijifunza hilo yakiwa tayari yamepoteza watoto kadhaa.

Udhamini wa ndugu ndio mkongwe kuliko wote, na hauna fomu. Mjomba aliyepata kazi Mwanza, shangazi aliyeolewa Shinyanga, kaka mkubwa aliyeacha darasa la saba ili wadogo wasome. Watumishi wengi wa umma waliotoka Magu wamesomeshwa hivyo, na ukiwauliza hawatasema walikuwa na mdhamini. Watasema walikaa kwa mjomba. Ni mfumo wenye nguvu. Pia ndio wenye uongo mchungu zaidi, ule wa neno moja, "nitamsomesha." Mama mwenye watoto saba anaambiwa hivyo na mtu wa ukoo aliyekuja msibani, anamfungia binti nguo zake kwenye mfuko wa rambo, basi linaondoka kwenda mjini. Mwaka unapita. Binti anaosha vyombo, anabeba mtoto wa mwenye nyumba, anaamka saa kumi, na shule imekuwa "mwakani". Mwanza kuna shirika, WoteSawa, lililoanzishwa na Angel Benedicto, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mfanyakazi wa nyumbani. Linawatafuta na kuwatetea wasichana wa aina hiyo. Wengine wao wakieleza walivyofika mjini, sentensi ya kwanza huwa ni ile ya kusomeshwa.

Kwa hiyo ningemshauri mzazi yeyote amwulize mdhamini, awe wa damu au wa shirika, swali lilelile: shule gani, anaanza lini, na nani atanipigia simu akikosa kwenda? Asiye na jibu asipewe mtoto. Najua ni rahisi kwangu kusema. Mwenye njaa hana sauti ya kuhoji.

Wadhamini nao wana makosa yao, na la kwanza ni kuchoka. Mtu anaanza kwa moto kidato cha kwanza. Kidato cha tatu amehamishwa kazi, au ameoa, au amekasirika kwa sababu mtoto amepata daraja la nne. Fedha inakata. Mtoto aliyezoea hosteli sasa anatakiwa kurudi gheto, na kurudi nyuma ni kugumu kuliko kutokwenda mbele. Afadhali kuahidi viatu na madaftari kwa miaka minne kuliko bweni la kifahari kwa miwili. Kosa lingine ni kumteua mmoja katika nyumba ya watoto saba, akavaa, akala, akarudi likizo na simu, huku dada yake aliyefaulu vilevile anachota maji. Niliwahi kusikia mzazi akisema mtoto wake "amekuwa wa wale". Hakusema kwa furaha. Na kuna barua za shukrani zinazoandikwa kwa kunakili ubaoni, darasa zima maneno yaleyale, zimpendeze mfadhili. Mtoto hujifunza mapema kuwa umaskini wake una bei na picha yake ina mnunuzi. Mengi ya hayo yanaweza kuepukwa kwa fedha kupita shuleni au kwenye kamati ya kijiji badala ya mkononi, na kwa kumsaidia na mdogo wake angalau sare.

Kuhusu nani achaguliwe, wachumi wana hoja nzuri ya alama. Busia, magharibi mwa Kenya, mwaka 2001, wasichana wa darasa la sita waliahidiwa ufadhili wakifanya vizuri, na alama zilipanda hata kwa waliokuwa na nafasi ndogo ya kushinda. Walimu wenyewe wakaanza kufika kazini zaidi. Siipingi. Lakini katika Magu niijuayo, mwenye alama za juu mara nyingi ni mtoto wa mwalimu au wa mwenye duka, na mvulana aliyeshika nafasi ya ishirini huku akichunga asubuhi na kuvua usiku amefanya kazi kubwa zaidi. Ningempa huyo. Bora macho ya mwalimu wa darasa yatumike pamoja na karatasi ya matokeo.

Anayefika kidato cha tano hukutana na jambo jingine: kupangiwa shule mkoa wa mbali, Iringa au Tanga, siku nzima na zaidi ndani ya basi. Ada hakuna, nauli ipo, mara mbili kwa mwaka, pamoja na pesa ya mfukoni. Kwa bahati masomo huanza Julai. Familia nyingi zinalimudu hilo kwa pamba, na mdhamini mwenye busara anaweza kupumzika kidogo hapo, akajiandaa kwa chuo.

Chuo kina Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi Julai 2005. Fomu zake zina maswali yanayomhusu moja kwa moja mtoto tuliyemfuata. Yatima anaambatisha vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA, na kwa familia za vijijini ambazo zilizika bila kuandikisha, cheti hicho ni safari ya wiki kadhaa kati ya kijiji, zahanati na wilaya. Wa kaya maskini anaweka namba ya TASAF. Na aliyesomeshwa na mtu mwingine sekondari anatakiwa kuleta barua ya mdhamini kuthibitisha hivyo, isije Bodi ikaona alisoma shule ya gharama ikadhani kwao wana uwezo. Barua yenyewe ni nusu ukurasa: jina la mwanafunzi, shule, miaka aliyolipiwa, saini, muhuri. Kila mwaka wapo wanaoikosa kwa sababu shirika limefunga ofisi au mfadhili amebadilisha namba ya simu. Anayetaka kuanza kudhamini mtoto leo aandike barua hiyo mapema, aiache kwa mkuu wa shule, na nakala ampe bibi aiweke pamoja na kadi ya kliniki.